Msilisingizie jua kila kitu: stori ya kasatelaiti ka kilo 130

Kuna ile meseji, nadhani kila mtu ashawahi kuipata, inasema usiku wa leo kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu zimeni simu, kompyuta na tableti zote, msilale nazo karibu, kuna mionzi hatari inapita jirani na dunia, wajulisheni ndugu na jamaa, kama hamuamini kaangalieni NASA na BBC. Mwaka hauishi bila hiyo kitu kuzunguka. Kwenye grupu letu la ukoo anayeileta huwa ni mama mkubwa wa Masasi, na mama mkubwa hajibiwi hovyo hovyo, kwa hiyo mi huwa naandika tu "shikamoo mama mkubwa, nimeangalia, leo jua limetulia, laleni salama" halafu naambatanisha picha ya jua ya siku hiyo hiyo, lile la njano lenye vishungi vya moto pembeni. Sasa juzi binamu yangu mmoja akaniuliza we hizi picha unazitoaga wapi, una simu gani hiyo ya kuzumu mpaka jua? Ndo nikamwambia subiri nitaandika, na post yenyewe ndo hii, ndefu, tafuta chai na muhogo kabisa.

Simu haihusiki hapo. Hizo picha zinapigwa na satelaiti inaitwa PROBA-2, ya shirika la anga la Ulaya, ESA. Ilirushwa tarehe 2 Novemba 2009 kutoka Plesetsk, kaskazini mwa Urusi, na wala haikukodiwa roketi yake peke yake, ilidandia ya mkubwa mwingine anaitwa SMOS (huyu tutarudi kwake). Inadandia kwa sababu ni kadogo kweli, kilo 130, yaani gunia moja na nusu hivi la korosho, na upande wake mrefu haufiki hata mita moja. Ilitengenezwa Ubelgiji, na inaongozwa kutoka kijiji kinaitwa Redu huko huko Ubelgiji, kijiji ambacho wenyewe wanakijua zaidi kwa maduka ya vitabu vya mtumba, halafu wanaozichambua picha ni watu wa kituo cha kifalme cha kuangalia nyota kule Brussels.

Na kilichonifanya niipende ni kwamba kazi ya jua ilikuwa kama nyongeza. Lengo la awali lilikuwa kujaribu teknolojia mpya, zilipakiwa 17, betri za aina mpya, kompyuta mpya, vitu kama hivyo, waone kama vitaishi huko juu. Walipanga ifanye kazi miaka miwili. Mwaka 2024 bado ilikuwa inatuma picha. Ilipanda wakati jua limelala kabisa, yale madoa meusi ya usoni kwake hamna, na tangu hapo imeona mzunguko mzima wa jua wa miaka 11 hivi, ikaona kilele cha 2014, ikaona jua linalala tena 2019, na ikawepo tena Oktoba 2024 wakati Wamarekani wanatangaza kwamba jua limeingia kwenye kilele kingine. Kwa kadude ka majaribio mi naona hiyo ni heshima kubwa.

Haya, inaangalia nini? Inaangalia korona (sio ile ya barakoa na nyungu, ile tulishamalizana nayo). Korona ya jua ni ile gesi ya nje kabisa inayolizunguka, nyepesi mno, inatawanyika mpaka mbali huko. Ule uso wa jua tunaouona una joto la nyuzi 5,500 hivi, lakini ukitoka nje ya ule uso, ukaenda juu kwenye korona, joto linapanda linafika nyuzi milioni moja na kuzidi. Soma tena hapo. Unatoka kwenye moto unaenda mbali nao halafu ndo unaungua zaidi! Wanasayansi wamelijua hilo tangu miaka ya 1940 na mpaka leo wanabishana sababu, wapo wanaosema ni mawimbi yanayopanda na nyaya za sumaku za jua, wapo wanaosema ni vimilipuko vidogo vidogo vingi visivyohesabika, wapo wanaosema vyote viwili. Sumaku inahusika, hilo hakuna anayebisha.

Na kwa macho huwezi kuiona kwa sababu uso wa jua unang'aa kuizidi mara milioni moja hivi. Labda jua lipatwe, na lipatwe lote. Mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016? Watu walimiminika Rujewa kule Mbarali, huku kwetu kusini nako jua likaliwa karibu lote, watoto wa shule wamepewa miwani, kuku wanashangaa. Wengi waliniambia waliona korona siku ile. Hapana. Ile ilikuwa ya kipete, mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia ukashindwa kulifunika jua zima, ukabaki ule mduara wa moto, na huo mduara peke yake unatosha kabisa kuifuta korona usiione. Anayetaka kuiona kwa macho yake ajichange, tarehe 2 Agosti 2027 jua linapatwa lote kule Luxor, Misri, na linakaa gizani dakika sita na ushee, ambazo kwa mambo ya kupatwa kwa jua ni nyingi sana.

PROBA-2 yenyewe haisubiri mwezi. Ina kamera inaitwa SWAP ambayo mwanga wa kawaida haiuangalii kabisa, inaangalia mionzi ya urujuanimno (ultraviolet) ya mbali, urefu wa wimbi nanomita 17.4, mionzi inayotolewa na chuma kilichochemka mpaka kikanyang'anywa elektroni zake nane tisa hivi. Chuma hakiwezi kufika hali hiyo kwenye nyuzi 5,500, kinafika hapo kwenye nyuzi milioni moja. Maana yake kwenye macho ya hiyo kamera uso wa jua unakuwa giza na korona ndo inawaka. Uchawi wote uko hapo. Ile rangi ya njano sio ya kweli, inapakwa baadaye kwenye kompyuta, maana mionzi hiyo haina rangi kwa binadamu. Na mionzi hiyo hewa yetu inaimeza yote kabla haijafika chini, hata ukapande Newala ukakae ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde na darubini ya bei gani, hupati kitu. Ndo maana lazima utoke nje ya hewa.

Ukiipata picha mwenyewe angalia vitu vitatu tu, mi navyoangaliaga. Kwanza sehemu zinazong'aa sana, zina vitanzi vitanzi, hizo ziko juu ya madoa ya jua, sumaku imejikunja hapo, na hapo ndo milipuko inatokea, kwa hiyo zikiwa nyingi na ziko katikati ya jua, yaani zinatutazama sisi, kaa mkao. Pili mabaka meusi, watu wanadhani kamera mbovu, kumbe ni matundu ya korona, sehemu ambazo sumaku imefunguka na upepo wa jua unatoka kwa kasi, baka likiwa katikati basi baada ya siku mbili tatu upepo huo unatufikia. Tatu pembeni, nje ya duara. SWAP inaona eneo pana kuliko kamera nyingi za aina yake, kwa hiyo kitu kikirushwa kutoka jua unakiona kinavyoondoka, na hapo ndo penyewe, kwa sababu jua likirusha bonge la gesi yenye sumaku kuja huku, mabilioni ya tani hayo, mwanga wa mlipuko unafika ndani ya dakika nane lakini gesi yenyewe inasafiri siku moja mpaka tatu. Hizo siku ndo muda wetu wa kujiandaa.

Pembeni ya SWAP kuna kifaa kingine, LYRA, hiki hakipigi picha, kinapima tu mionzi ya jua inapanda au inashuka, na kinapima mara nyingi ndani ya sekunde moja. Sensa zake nyingine ni za almasi. Ndiyo, almasi, za kutengenezwa maabara lakini, usianze kupiga hesabu. Almasi haijali mwanga wa kawaida, inashtuka kwenye urujuanimno tu, na haichakai haraka kwa mionzi. Jua likilipuka, grafu ya LYRA inaruka juu hapo hapo.

Kuhusu maisha yake huko juu sitamaliza, ila kidogo. Iko kilomita 700 na kitu kutoka chini, inazunguka dunia mara 14 hivi kwa siku, na njia yake imepangwa ipite juu ya mstari ule ule unaotenganisha mchana na usiku, kwa hiyo karibu mwaka mzima jua halizami kwake. Ni ile miezi ya kuzunguka mwisho wa mwaka tu, Novemba mpaka Februari hivi, ndo kila mzunguko dunia inaikinga kidogo. Kila mzunguko inajigeuza yenyewe mara nne ili kamera zake za kutazama nyota zisikingwe na dunia, na mambo mengi ya kuelekea wapi inajiamulia yenyewe bila kusubiri amri ya Redu. Ikipita juu ya Atlantiki ya kusini na Brazili picha zinajaa vidoti vyeupe, pale sumaku ya dunia ni dhaifu na chembe za umeme zinashuka chini zaidi zinaipiga kamera moja kwa moja. Ukiona vidoti usipige kelele kwamba nyota zimeanguka.

Sasa nije kwenye kichwa cha habari.

Mei 2024. Watu wa Mtwara na Lindi mwezi ule hatuusahau. Jumamosi tarehe 4 kimbunga Hidaya kikaingia, mvua ikanyesha, kule Kilwa upande wa Somanga barabara ikakatika, malori na mabasi yakalala foleni, bei za vitu huku zikaanza kusogea. Tumekaa tunahesabu hasara, jua nalo likaanza yake. Kulikuwa na kundi la madoa lenye namba 3664, upana wake kama mara 15 ya upana wa dunia, kwenye picha za SWAP lilikuwa linawaka mpaka linachafua picha, likarusha mabonge ya gesi moja baada ya jingine, na ya nyuma yakawa yanayakimbilia ya mbele. Ijumaa tarehe 10, saa 2 usiku kwa saa zetu, bonge la kwanza likaipiga sumaku ya dunia. Dhoruba ikapanda mpaka daraja la tano, ambalo ndo la mwisho kwenye ngazi yao, daraja hilo lilikuwa halijaonekana tangu Oktoba 2003. Ulaya na Marekani mbingu zikawa nyekundu na zambarau, hata Afrika Kusini watu wakapiga picha. Huku kwetu wapi, tuko karibu mno na ikweta, tuliona mawingu.

Halafu Jumapili tarehe 12 intaneti ikafa. Tanzania nzima, na majirani pia, WhatsApp inazunguka haifunguki, picha hazipandi, miamala mingine inagoma. Kimbunga, jua, intaneti, ndani ya siku tisa. Kijiweni hapo watu wakafunga hesabu haraka sana: jua limeunguza satelaiti, intaneti imekwenda. Na kusema ukweli ukiangalia tarehe tu, hesabu inaingia akilini, mi siwacheki.

Ila haikuwa jua. Intaneti yetu sehemu kubwa haishuki kutoka angani, inatambaa chini ya bahari ndani ya kebo, na siku ile kebo mbili zinazoshuka kuelekea Afrika Kusini, EASSy na Seacom, ziliharibika huko chini. Ndani ya kebo data inakwenda kwa mwanga kwenye uzi wa kioo, na dhoruba ya sumaku haiugusi mwanga ndani ya kioo. Hapa kuna jamaa mmoja hodari wa kubisha alinipinga akasema lakini kebo zina umeme ndani wa kulisha mashine za kukuza mwanga njiani, je huo umeme? Ameuliza vizuri, na ni kweli dhoruba inaweza kuuyumbisha huo umeme, wataalamu wanaliangalia jambo hilo kwa makini. Lakini kebo hizi ziliharibika kwa kukatika, ikabidi meli iende ikavue ncha zake na kuziunga, na dhoruba yenyewe ilianza Ijumaa, Jumamosi yote watu wakawa wanaangalia mpira mtandaoni bila shida. Kama ni jua kwa nini lingoje Jumapili?

Kinachoniuma kwenye mabishano haya ni kwamba jua linabeba lawama za kebo huku yale linayotufanyia kweli hakuna anayeyataja. Na linafanya.

Juu ya hewa yetu, kuanzia kilomita sitini hivi na zaidi, kuna tabaka lenye chaji za umeme, ayonosfia, na chaji hizo zimetengenezwa na mionzi ile ile ya urujuanimno na eksirei ambayo LYRA inaipima. Jua likilipuka mchana, upande wa dunia unaolitazama tabaka la chini linavimba ghafla na redio za mawimbi mafupi zinanyamaza, dakika kadhaa au hata saa nzima. Wazee wetu waliosikiliza idhaa za mbali kwa redio za mbao hilo wanalijua, kituo kinapotea mchana kweupe halafu kinarudi chenyewe. Leo wanaoumia ni meli na ndege za masafa ya mbali juu ya bahari.

Jingine ni GPS. Mawimbi ya GPS lazima yapite ayonosfia, na tabaka likiwa nene yanachelewa kidogo, mashine inadhani uko pengine. Huku kwetu tuna balaa la ziada ambalo Ulaya hawana. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita Ethiopia, na mchana chaji zinapandishwa juu pale kisha zinamwagika pande mbili, kaskazini na kusini, na kusini yenyewe ndo huku kwetu. Kwa hiyo mchana, hasa saa saba saa nane mpaka alasiri, juu ya vichwa vyetu tabaka ni zito. Halafu jua likizama linaanza kuchafuka, yanapanda mapovu ya sehemu zilizopungukiwa chaji, mawimbi ya GPS yakipita hapo yanatetemeka, mengine yanakatika kabisa, kuanzia saa moja usiku mpaka usiku wa manane hivi, na inakuwa mbaya zaidi Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, kwenye miaka ambayo jua liko kileleni. Hii hata bila dhoruba, yaani siku ya kawaida tu.

Shemeji yangu ni mpima ardhi, anapima viwanja huku Mtwara na vijijini. Anatumia mashine mbili za GPS, besi inakaa sehemu moja kwenye kigingi, rova anatembea nayo, anataka sentimita, sio mita. Mchana mwingine anasimama juani kwenye kona ya kiwanja, rova inagoma kushika fiksi (kile kipimo cha uhakika cha sentimita), inabaki floti (bado inakisia), mwenye kiwanja anamtazama kwa jicho la huyu fundi ni kweli fundi. Shemeji kwa muda mrefu alikuwa anailaumu miembe. Na miembe inahusika, sibishi, matawi yanazuia mawimbi. Ila kuna viwanja havina hata mpapai na bado floti. Nikamwambia shemeji, hebu siku hiyo hiyo tuangalie grafu. Sasa hivi viwanja vigumu anavipima asubuhi asubuhi, anarudi kula mchana, mchezo umeisha.

Na sio sisi tu. Kwenye dhoruba ile ile ya Mei 2024 wakulima wa Marekani walikuwa katikati ya kupanda mahindi, matrekta yao yanajiendesha kwa GPS ya sentimita, yakachanganyikiwa, ikabidi wengine wazime wasubiri. Sisi huku jembe la mkono halina GPS, kwenye hilo tulikuwa salama hahaha.

Umeme je? Hapa ndo nawaomba sana. Umeme ukikatika Ligula au Majengo hapa Mtwara usiniandikie "jua hilo". Ni kweli tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha gridi nzima ya Quebec kule Canada ndani ya sekunde kama 90, watu milioni sita wakakaa gizani kwa muda wa saa tisa. Lakini pale ni kaskazini sana, karibu na zinapowaka zile taa za mbinguni, laini zao ni ndefu ajabu, na ardhi yao ni mwamba usiopitisha umeme, kwa hiyo mkondo ukakimbilia kwenye nyaya. Sisi tuko mbali na ncha za dunia, na umeme wa Mtwara na Lindi kwa miaka mingi umetoka hapa hapa kwa gesi ya Mnazi Bay kwenye laini zake zenyewe, ambazo muda wote huo hazikuwa zimeungwa hata na gridi ya taifa. Ukikatika, tafuta sababu chini, sio juu.

Satelaiti zenyewe ndo zinaumia kweli kweli. Februari 2022 SpaceX walirusha Starlink 49 kwa mkupuo, siku ya pili ikaja dhoruba ambayo wala haikuwa kubwa, hewa ya juu ikapata joto ikavimba, satelaiti zikakutana na hewa nzito kuliko walivyopiga hesabu, karibu 40 zikashuka zikaungua. Hasara ile ilitokana na kadhoruba tu.

Kuna watu wananiuliza Afrika nani anatuangalizia haya mambo. Wapo, Hermanus, Afrika Kusini, kituo cha shirika lao la anga SANSA, tangu Novemba 2022 kinafanya kazi usiku na mchana, kinatoa tahadhari kwa ajili ya ndege na wengineo wa bara hili. Kimbunga tunasikiliza TMA, watu wa hali ya hewa, tumezoea, hata Hidaya tulitangaziwa mapema. Hili la jua bado halijaingia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, na mi naona wakati umefika, hata sentensi moja tu baada ya upepo wa Kusi na mawimbi ya bahari.

PROBA-2 ina mdogo wake sasa, na huyu ndo ananikosesha usingizi. Proba-3, alirushwa na roketi ya India tarehe 5 Desemba 2024. Hizi ni satelaiti mbili zinazoruka pamoja, moja ina sahani ya upana wa mita 1.4, nyingine ina kamera na iko nyuma yake mita 150 hivi, ya mbele inaziba jua, kivuli kinaangukia kamera ya nyuma sawasawa, na inabidi zishikilie nafasi hizo kwa usahihi wa milimita huku zote zinakimbia. Milimita! Sisi huku tunagombania fiksi ya sentimita kwenye kigingi ambacho hakitembei. Zikifanikiwa zinapata kupatwa kwa jua kwa kutengeneza, mpaka saa sita mfululizo kila zikizunguka, na picha za kwanza zilitoka Juni 2025. Pale katikati, kati ya anachokiona SWAP karibu na uso na wanachokiona wengine mbali, palikuwa hapaonekani vizuri, na ndo hapo mabonge yanapopata kasi yake.

Picha za SWAP ziko wazi kwenye tovuti yao, bure, hazili bando sana, ukifungua ya leo utaiona ya leo.

Haya yote nilimwelezea mjomba wangu wa Msangamkuu. Ni mvuvi, mwenye boti, jua yeye analijua kwa bamvua na maji mafu, na miamba yake yote ya siri ameiweka kwenye GPS ya simu hataki mtu aione. Alisikiliza mpaka mwisho, kavu, kashika kikombe.

"Sasa mjomba, hako kadude, samaki hakaoni?"

"Hapana mjomba, kenyewe kanaangalia juu tu, kwenye jua. Ila yule mwenzake waliyepanda roketi moja, SMOS, yule ndo anaangalia chini. Anapima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari, kilomita 700 na kitu kutoka juu."

"Chumvi?"

"Eeh mjomba, chumvi. Maji yamekolea kiasi gani."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mijitu hiyo! Kwa nini asishuke tu akaonja?"